Maua Ndani ya Mto wa Bibi Harusi

Sajini Jecha aliyamimina maua juu ya meza, akavuta kiti, kisha asiyatazame tena. Alichokuwa akikitazama ni uso wa Mkuu wake.

Ndio uliokuwa mtindo wake tangu pua yake ilipokufa. Pikipiki ya serikali, ambayo kila mkubwa alijua kwamba haina breki, ilimtupa kwenye barabara ya mashimo akaangukia kisogo. Kichwa kilipona, pua haikupona. Msimu wa karafuu, zikianikwa majamvini njia nzima, yeye hupita kama apitaye kwenye kokoto. Basi kitu chenye harufu humpa mwengine anuse, yeye akasoma uso na mikono. Wenzake walimcheka, halafu wakaacha kumcheka.

Inspekta Masika alinusa kwa mbali, shingo kaivuta nyuma.

"Bangi," akasema.

"Afande, bangi nimeichoma mwenyewe, magunia kwa magunia. Ina mbegu, ina vijiti. Hii haina mbegu hata ya dawa. Tazama, mfano wa koko la mvinje, ila laini kama karatasi. Ukilipasua, ndani mna unga wa manjano unaonata."

"Ya nje hiyo. Ya kisasa."

"Inanukaje?"

Mkuu akanusa tena, safari hii karibu. Uso ukamlegea, akameza mate.

"Embe," akasema, kama neno lililomponyoka. "Embe boribo. Na pasheni."

"Bangi yenye harufu ya embe?"

"Jecha, usinifundishe kazi. Kesho yule bibi tuliyemkamata anapelekwa mahakamani. Nimeshawapigia wakubwa Unguja. Gunia la bangi, Kiuyu, nyumbani kwa mtu ambaye mlango wake una bendera ya wale jamaa wa upinzani. Unajua walivyofurahi? Tangu uchaguzi urudiwe hawajapata habari tamu kutoka huku."

"Na mkemia?"

"Sampuli itakwenda. Majibu yatarudi yatakaporudi."

Jecha aliyajua majibu hayo yanavyorudi. Sampuli huvuka bahari, huwekwa kabatini, mwenye kabati huenda semina. Mshitakiwa hukaa rumande mpaka watu wakasahau alifanya nini. Bi Mwanapili alikuwa mtu mzima, mwenye kifua kibovu. Majibu yangerudi yakamkuta kaburini.

"Nipe leo, afande."

"Leo chukua. Kesho yangu."

"Aliyepiga simu alisemaje? Maneno yake mwenyewe."

Mkuu alikuwa ameipokea simu hiyo yeye, na alijivunia. "Mwanamume. Hakutaja jina. Alisema, msihangaike na dari wala shimo la choo. Nendeni Kiuyu kwa Mwanapili, fumueni mito. Tukafumua, tukakuta. Na gunia uvunguni."

Jecha akayarudisha maua kwenye bahasha, akabakisha machache kwenye karatasi ya sigara, akayatia mfukoni.

*

Bi Mwanapili alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, mgongo kaupa ukuta, miguu kainyoosha. Kaskazini yote ya Pemba hapakuwa na harusi kubwa isiyopitia mikononi mwake. Yeye ndiye mfunga vikuba vya maua vya bibi harusi, ndiye mfukiza nguo udi, na ndiye mshona mto wa kitanda cha harusi: sufi ndani, na katikati ya sufi maua makavu ya kunukia, mkadi na asumini.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marhaba. Weye si Jecha wa Asya? Umekonda, mwanangu."

Mto wa harusi ya Jecha ulishonwa na mikono hiyo hiyo. Mkewe Asya amekufa, mwaka wa tatu sasa. Siku aliyozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwa limechukuliwa kubeba viti vya mkutano wa mkubwa mmoja.

"Maua haya umeyapata wapi?"

"Kaniletea mtu."

"Nani?"

"Mtu asiye na kosa."

"Bi Mwanapili, Mkuu anasema yamekuja kwa chombo kutoka Kojani. Jana kutwa nimezunguka Kojani. Hakuna ajuaye ua hili. Wamenicheka tu, wakaniuliza kama polisi sasa tunauza udi."

Bi Mwanapili naye akacheka, kikohozi kikamkata. Jecha akampa ua moja. Akalitazama lilivyoshikwa. Kwanza paji la uso, kisha puani, taratibu, macho kafumba. Ndivyo ushikwavyo mkadi. Mvuta bangi halipi ua heshima hiyo.

"Ua hili limenitia wazimu," akasema Bi Mwanapili. "Asumini hufa siku moja. Mkadi wiki. Hili likishakauka ndo lazidi. Nkasema, Mungu kaniletea uzeeni."

"Umeshashona mito mingapi ya maua haya?"

"Miwili tu. Mmoja wa Abeer, ndo huo mliouchana kwa visu kama kwamba mwachuna mbuzi. Harusi yake bado, na mto hana. Mwengine umeshakwenda Tibirinzi, kwa Raniya, mtoto wa Shehe Soud."

"Nani mwengine ajua kilichomo ndani?"

"Ajue nani? Cha ndani ya mto ni changu miye. Mwenye kulala hunusa, akalala."

Jecha alisimama. Mpiga simu alijua mito. Kwa hesabu hiyo, ama ni yule aliyeleta maua, ama ni mtu aliyeunusa mto.

"Yule Ridha, mtoto wa mdogo wako," akasema akiwa mlangoni. "Bado yuko kule hotelini, kwa Wazungu?"

Bi Mwanapili akageuka akatazama ukuta. Jecha hakuhitaji jibu jengine.

*

Hoteli ilikuwa ufukweni, kupita Kiuyu, na ilikuwa imefungwa. Makuti ya paa yalishaanza kuota majani. Ridha, aliyekuwa mtunza bustani, sasa alikuwa mlinzi wa bustani iliyokufa. Alipopewa ua alilisogeza puani bila wasiwasi, akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao.

Tabasamu likakatika. "Wallahi, Sajini, mama mkubwa hana kosa."

"Basi mwenye kosa nani?"

"Sijui miye. Kulikuwa na Mzungu hapa, mpishi. Alikuwa na chumba chake nyuma ya jiko. Mapipa ya chuma, mipira, moto, mvuke watoka mchana kutwa. Maua yalikuwa kwenye friza lake. Alipoondoka na hoteli kufungwa, umeme ukakatwa. Nkaona yataharibika. Harufu ile itupwe? Nkampelekea mama mkubwa."

"Alikuwa akipika nini kwenye mapipa?"

Ridha akajikuna shingo. "Supu."

"Supu."

"Sajini, Wazungu wana mambo."

"Uliingia ukaiona supu?"

"Hakutaka niingie. Aliniambia, Ridha, weye mtu wa swala, huku usiingie. Nkaona mtu mwema, aniheshimu."

Jecha alimtazama. Kijana wa watu alikuwa amemwagilia bustani ya nyumba ipikwayo pombe mwaka mzima, akitoka hapo kwenda msikitini, na ubongo wake haujamfikisha huko. Au ulimfikisha, akaurudisha.

"Mwenye hoteli nani?"

Ridha aliangalia njia, kwanza kulia, kisha kushoto. "Mkubwa. Jina lake hulisikia kwenye redio."

"Na simu ya polisi ulipiga weye?"

"Nimtie pingu mama yangu mkubwa?" Sauti ilimpasuka, akageuza uso. "Ntampigia nani simu, Sajini? Mlango wao nauogopa hata kuupita."

Jecha alimwamini. Aliyaangalia mapipa kupitia dirishani. Mpaka hapo alijua zile ni zana za nini, na pengine alijua ua ni la nini. Lakini kujua kwake hakukuwa na uzito mbele ya hakimu. Sajini wa darasa la saba hasemi kitu kikasimama juu ya neno la Inspekta. Mzungu keshakwenda. Alihitaji mtu wa kusimama na kusema, mtu ambaye neno lake halirudishwi. Na kisiwa kizima, nani atakayesimama aseme kwamba ua la pombe analijua? Ulibaki mto wa pili, wa Tibirinzi.

*

Shehe Soud alikuwa barazani kwake Tibirinzi, kanzu nyeupe, kitabu mapajani. Alisalisha Ijumaa, alifundisha madrasa, na kabla ya hapo alikaa bara miaka mingi. Watu wakisema alikuwa mtaalamu kwenye kiwanda cha sabuni. Yeye hakuwahi kuwakanusha.

"Karibu, Sajini. Habari za kazi?"

"Alhamdulillahi, Shehe. Hongera kwa harusi ya binti."

"Ahsante. Fungate limefanyika hapa hapa kwangu. Sasa ameshahamia kwa mumewe."

"Mto wake wa harusi amehama nao?"

Shehe alifunga kitabu. "Umeachwa. Mtoto alisema harufu yamlewesha." Neno lile alilimeza kabla halijaisha. "Yamchosha, namaanisha."

"Nina kitu nataka unisaidie. Pua yangu mbovu."

Akafungua karatasi ya sigara. Shehe Soud alichukua maua mawili. Hakuyapeleka puani. Aliyaweka kwenye kiganja, akaweka kiganja cha pili juu yake, akayasaga kwa nguvu, mbele na nyuma, mpaka yakawa unga. Akafungua viganja, akavikunja mfano wa bakuli, akatia pua ndani. Akavuta pumzi mara moja, ndefu. Akapumzika. Akavuta ya pili.

Jecha alikuwa amewapa watu wengi ua lile. Mkuu alilikimbia. Bi Mwanapili aliligusisha pajini. Ridha alilinusa kama mtoto. Kojani walilitafuna wakatema, wakalalamika uchungu. Hakuna aliyelisaga.

"Mkono wako umefanya kazi hii siku nyingi, Shehe," akasema.

Shehe Soud alishusha mikono, akaifuta kwenye kanzu. Kanzu ikashika rangi ya manjano.

"Kazi gani?"

"Ndiyo nakuuliza miye. Sabuni hainuswi hivyo."

Nje alipita muuza mkate wa mofa, akapiga kelele, akatokomea. Shehe aliangalia mlango wa ndani, akahakikisha umefungwa.

"Tuliita hopsi, ua la bia," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa maabara. Yakiletwa, ndiyo kazi yangu ya asubuhi, kusaga na kunusa. Lipo ua la kutiwa mwanzo, likapikwa mpaka likatoa uchungu. Lipo la kutiwa mwisho, kwa ajili ya harufu. Na lipo lifaalo kote kuwili. Hili ni la kote kuwili. Zamani hayakuwa na harufu ya embe. Hili wamelizalisha karibuni." Alikuwa amesahau kunong'ona. "Lina pasheni, lina embe, na nyuma yake ganda la limau. Ni zuri sana. Tungelipata sisi..."

Akakumbuka mlango, akautazama tena.

"Ni bangi?" Jecha akauliza.

"Hata kidogo. Halilevyi. Ua peke yake halilevyi mtu. Ukililalia utapata usingizi, basi."

"Na siku ya kwanza ya fungate, ulipopita mlango wa chumba cha binti yako, ulilijua."

Shehe alizidi kuifuta mikono kwenye kanzu.

"Mito ni miwili, Shehe. Mmoja ulikuwa Kiuyu kwa Mwanapili. Mwengine ulikuwa nyumbani kwako. Mpiga simu alijua mito. Ridha alijua gunia tu, na Ridha hawezi kumfunga mama yake mkubwa."

Shehe Soud akavua kofia, akaiweka juu ya kitabu, akaitoa tena kitabuni haraka.

"Ningesema nini, Sajini? Kwamba mto wa mwanangu wanuka kiwanda cha bia? Wangeniuliza, Shehe, umeijuaje? Mke wangu hajui. Mkwe wangu hajui. Bangi kila mtu anaijua, kusema bangi hakuna anayekuuliza umejuaje. Nilidhani mtakwenda, mtachana, mtachoma, yaishe. Sikujua kama mtamchukua bibi wa watu."

"Hukujua polisi huchukua watu?"

"Nilidhani mtapima kwanza."

Jecha nusura acheke. Mtu aliyesoma, aliyekaa maabara, bado alikuwa akidhani serikali hupima kwanza.

"Twende kituoni ukaseme hayo."

"Haiwezekani. Kesho Ijumaa. Nitapandaje mimbari?"

"Sikulazimishi." Jecha alisema kwa sauti ile ile, kama asomaye bei ya samaki. "Ila utaratibu nakwambia. Kama hili ni bangi kwa Mwanapili, ni bangi kwa aliyeulalia mto. Mto nautwaa sasa hivi, uwe kidhibiti. Na Raniya namchukua pamoja nao. Sheria haina ya Kiuyu na ya Tibirinzi. Au isiwe nayo, leo moja tu."

Shehe alimtazama kwa muda. Labda alikuwa akitafuta hasira kwenye uso wa Sajini, ajue pa kumshika. Hakuiona. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na mto. Foronya ya hariri, imetariziwa asumini kwa uzi wa dhahabu.

"Nipe niubebe miye," akasema Jecha.

"Niache."

Wakapita Tibirinzi nzima hivyo, Shehe wa Ijumaa mbele na mto wa bibi harusi kwapani, Sajini nyuma. Watu wakamwamkia. Mmoja akamtania, "Shehe, wahama kwa Bibi?" Akaitika salamu zote.

*

Mkuu aliandika maelezo kwa mkono wake. Aliandika vizuri mpaka kalamu ilipofika pahala pa hoteli, ikasimama.

"Hoteli ipi?"

Jecha akamwambia.

Inspekta Masika akaiweka kalamu chini, akanyanyuka, akafunga dirisha. Aliporudi alikuwa mtu mwengine, mwenye heshima.

"Maua yaliokotwa ufukweni," akasema. "Yaliletwa na maji."

"Yalikuwa kwenye friza, afande."

"Jecha. Ama yaliletwa na maji na bibi anakwenda kwao sasa hivi, ama yanatoka kwenye friza na sisi sote tunasubiri mkemia. Chagua."

Jecha hakuwa na mazoea ya kupewa machaguo matamu. "Yaliletwa na maji," akasema.

"Na Shehe amelijuaje?"

Mkuu angeliridhika na uongo wowote hapo. Shehe Soud alifungua mdomo, na Jecha akaona mikono yake imekutana mapajani, kiganja juu ya kiganja.

"Nilifanya kazi kiwanda cha bia," akasema. "Andika. Miaka kumi na tisa. Na simu nilipiga mimi. Nalo liandike."

Bi Mwanapili alikuwa ameshaletwa mlangoni, askari kamshika mkono. Alisikia. Akaja mpaka mbele ya kiti cha Shehe, akainama kumwangalia, kwani macho yake hayaoni mbali.

"Shehe, nimemlaza mtoto wako kwenye ulevi?"

"Hapana, Bi Mwanapili. Ni ua tu. Wapishi wa pombe ndio huligeuza."

"Naapa sikujua."

"Mimi nilijua," akasema Shehe. "Nikakusingizia."

Bi Mwanapili alisimama pale, shuka lake la mahabusu bado begani. Askari alingojea atukane, alishajiweka tayari. Yeye aliuliza kama viatu vyake vipo.

*

Ijumaa alisalisha mtu mwengine. Hapakutangazwa kitu. Safu ya mbele alisimama Inspekta Masika, kanzu mpya, manukato yaliyokunjiwa pua msikiti mzima, na Jecha peke yake hakuyasikia.

Shehe Soud alikuwa safu ya mwisho, karibu na viatu. Kulia kwake pana nafasi, kushoto pana nafasi. Jecha akaijaza ya kulia.

Watu walipotawanyika, Shehe akabaki kakaa.

"Bi Mwanapili kafika kwake?"

"Kafika. Ridha kampeleka."

"Kasema nini?"

"Kasema mto wa Raniya umrejee. Atautoa yale maua autie mkadi. Bibi harusi hakai bila mto wake. Na wa Abeer anaushona upya."

Shehe alikiangalia kiganja chake. Manjano yalikuwa bado kwenye mistari ya mkono, yamekataa kutoka.

"Basi kaulete, Sajini, nimpelekee mwenyewe. Mto uko wapi?"

Asubuhi ile Jecha alikuwa ameufungua mlango wa Mkuu bila ya kubisha. Kidhibiti kilikuwa mezani, juu ya mafaili, foronya ya hariri imelowa mate. Inspekta Masika alikuwa amekilalia shavu, mdomo wazi, akikoroma usingizi mzito ambao kituo kile hakijapata kuuona. Jecha aliufunga mlango polepole.

"Upo kituoni," akasema.

"Bado wanaufanyia nini?"

"Kazi yake," akasema Jecha, akainuka kutafuta viatu.